Mboga za Baba

Nakumbuka jioni moja ya baridi kule Makambako, nikiwa bado msichana wa kutumwa maji. Baba yangu alikuwa mpasua mbao, mtu wa kifua kipana na maneno machache. Kila jioni alikula sahani moja na Gaudensi, kitindamimba wetu, maana alimpenda kupita kiasi. Sisi wengine hatukuona wivu, au tuliona kidogo tu.

Sasa, mwanangu, baba alikuwa na kasoro yake. Mama akipika figiri au majani ya maboga, baba alilisukuma bakuli kwa vidole viwili na kusema, "Majani ni ya ng'ombe." Tulicheka sote, hata mama. Haukupita muda Gaudensi naye akawa analisukuma kwa vidole viwili vilevile, na maneno ni yaleyale. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Mimi naongeza kwamba hutazama na mkono wa baba.

Mtoto akaanza kufifia. Viganja vyake vilipauka, na akipanda kilima kidogo anakaa chini kuhema. Wenzake wakicheza, yeye amelala juu ya gunia jikoni. Zahanati wakasema damu imepungua, wakampa dawa na kusisitiza ale mboga za majani. Mama alibembeleza, akatisha, akaficha figiri ndani ya tonge la ugali. Mtoto alitema. Niliogopa kwamba tutamzika, na woga ule ninao mpaka leo nikiukumbuka.

Ndipo jioni ile bibi, mama yake baba, akafika kutoka Kidugala. Salamu za kamwene zilipokwisha akaketi, akatutazama tukila. Baba akalisukuma bakuli. Gaudensi akalisukuma pia. Bibi hakuwa mtu wa kupayuka. Alinawa mikono taratibu, akajifuta kwa kanga yake, ndipo akasema.

"Mwanangu, huyu mtoto hajakataa mboga. Amekubali maneno yako."

"Mama, unajua sizipendi tangu utoto."

"Najua. Nilikupiga mpaka nikachoka mwenyewe. Leo sikuombi uzipende. Nakuomba ule."

Baba akakata tonge, akachota figiri, akameza kama mtu anayemeza kwinini. "Tamu," akasema. Gaudensi alimkodolea macho. Siku hiyo hakuonja, wala kesho yake. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini huyu wetu alikwisha kuanza kukauka. Baba hakuchoka. Jioni baada ya jioni alikula na kusema tamu, mpaka siku moja mkono mdogo ukaingia bakulini kando ya mkono mkubwa. Mama akatoka nje, nikamsikia akilia.

Mahindi yalipobeba, Gaudensi alikuwa akifukuza kuku uani na kugombezwa kama watoto wengine. Sijawahi kufurahia kelele za mtu kama zile.

Miaka ikaenda. Baba alipozeeka nilimchukua akae kwangu Njombe, hapa mtaa wa Ramadhani. Nikawa namwungia majani ya maboga kwa karanga karibu kila siku, maana nilijua ndiyo chakula chake. Siku moja nikamwekea bakuli mbele. Akalitazama, akatazama mlangoni.

"Gaudensi yupo?"

"Hayupo, baba. Amerudi kazini Makambako."

"Basi leo nipe maharage tu."

Nilicheka, kisha nikashindwa kucheka. Miaka yote ile, mwanangu, baba alikuwa hazipendi mboga zile.

Ndiyo maana nikikuona na mtoto wako mapajani, soda mkononi na chipsi kwenye mfuko, sikugombezi. Nakwambia tu kwamba anakutazama. Usimpikie mboga kisha wewe ukasukuma bakuli. Usimkataze soda huku yako inatoa povu. Kaa naye, kula anachopaswa kula, na kama hukipendi, meza. Hatakukumbuka kwa uliyomhubiria kuhusu afya, atakula ulivyokula.

Mungu akupe mtoto mwenye damu mwilini na kelele uani. Akupe na wewe uzee wa kukaa kwake, na siku utakapoomba maharage tu, akupe bila kukuuliza.