Mama Mwenye Masharubu

Mtaani kwetu Kariakoo walimwita "yule Mhindi wa juu". Akisema yeye ni Mnepali wanamjibu, "Si hukohuko?" Mumewe alikuwa mhasibu wa kampuni ya mizigo bandarini, nao walipanga juu ya duka letu la vitenge. Jiko tulichangia. Ndipo nilipomkuta anaandika, karatasi juu ya gunia la mchele, dengu zinamuungulia.

"Unaandika nini?"

"Hadithi. Kwetu nina kitabu kimetoka."

Jamani! Miaka yote tunapishana kwenye masufuria, kumbe mwenzangu mwandishi wa kweli! Na mimi hapo naandika kwa kujificha, maana Mama aliona uandishi ni kazi ya watu wasio na duka.

Mkataba wa mumewe ulipokaribia kwisha, alinijia uso umemshuka. "Dada, naondoka na hakuna hapa anayejua kazi yangu. Nataka mama yako asikie hadithi moja tu. Amenilisha muda wote huu akijua mimi ni mke wa mhasibu, basi."

Tukakaa jikoni, yeye anasimulia kwa Kiswahili chake cha sokoni, mimi naandika. Ilikuwa habari ya utoto wake. Baba yake alikataa kumpeleka shule, mama akaja, akambeba mgongoni, akavuka naye mto mpaka nyumbani kwake akasome.

Ijumaa baada ya swala Mama alifunga duka, akakaa mkekani, nikaanza kumsomea. Mwenye hadithi alikuwa mlangoni, anavuta vidole. Nikafika pale, "Mama akacheka, akapangusa maji kwenye masharubu yake."

"Astaghfirullah!" Mama akaruka. "Mama gani huyo ana masharubu?"

Mimi wakati wa kuandika nilidhani ni mbwembwe za waandishi, nikanyamaza nisionekane mshamba. Mwenyewe akashika mdomo. Kumbe kwao "mama" ni mjomba! Alivyokuwa anasimulia utoto wake, ulimi ulirudi nyumbani bila yeye kujua. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na dengu zikaungua tena.

"Haya, anza upya," Mama alisema akifuta machozi. "Sasa najua ni mjomba."

Safari hii hakucheka. Mama hakusoma, hesabu zote za duka anapiga kichwani. Nilipofika mtoni alinizuia kwa mkono.

"Mimi nilikuwa na wajomba wanne," akasema. "Hakuna aliyekuja."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akilisema hilo. Rafiki yangu akaja kukaa karibu naye, wakashikana mikono. Kisha Mama akanigeukia. "Na wewe acha kuficha makaratasi yako chini ya godoro. Nayaona."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mwenyeji aliyepona ni mimi. Leo naandika mezani, mchana kweupe, na kila nikimaliza kitu namshukuru yule mwanamke kwa jina lake.

Siku ya kuondoka, dereva wa teksi alikuwa anapakia masanduku mbele ya duka. "Mama, shikamoo. Huyu Mhindi ndo anahama?"

"Marahaba. Mhindi yupi?" Mama akang'aka, mtaa mzima ukasikia. "Huyu Mnepali. Mwandishi huyu! Mjomba wake alimvusha mto."