Siku Daktari Aliposema Hajui

Juzi nilipita karibu na shule yangu ya msingi, huku kijijini kwetu Daa, nikawaona wanafunzi wakimeza dawa za minyoo huku wakicheka, wala hapakuwa na mzazi hata mmoja. Nilisimama, msomaji wangu, kwa maana nakumbuka jinsi jambo hilo lilivyokuwa zito mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa na tumbo kama ngoma na viganja vilivyopauka. Alibandua udongo wa ukutani akaula kwa siri, na uji wa mtama wenye maziwa, ambao sisi wengine tuliugombania, yeye aliusukuma kando. Nyumbani tulihofu kumpoteza.

Ndipo wazazi wakaitwa shuleni. Daktari alieleza kwamba kuna dawa mbili: watoto wengine watapewa moja, wengine zote mbili kwa pamoja, kisha watapimwa choo ijulikane ni kundi lipi limepona zaidi. Bibi yetu, ndiye aliyetulea, akasimama.

"Minyoo yote ikifa, chakula kitasagwa na nini?"

"Mbona ng'ombe wako unawanywesha dawa, Ayo?" mwalimu akauliza, akimwita Bibi "mama" kwa Kiiraqw.

"Ng'ombe ana matumbo manne, Mwalimu. Wewe unayo mangapi?"

Wote waliokuwa darasani wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. Alimgeukia daktari. "Hizo mbili zikiwa pamoja, zinashinda moja?"

"Sijui, Bibi. Najua haziwadhuru watoto. Lakini kama mbili zinashinda moja, hilo ndilo lililonileta."

Bibi akamtazama mwalimu. "Huyu hajapamba neno," akasema. "Mpeni mtoto."

Mdogo wangu akaangukia kundi la dawa mbili. Wenzake wa dawa moja walimtania njiani: "Wewe una nyoka, siyo minyoo!" Kabla ya mavuno alimaliza bakuli lake, akanyoosha mkono kwenye langu. Nilipomsukuma, Bibi alinichapa mimi.

"Mwache ale! Kumbe wale wadudu walikuwa wanakula, wala hawakusaga kitu!"

Kama ni dawa ya pili iliyomponya, sijui hadi leo. Bibi ametangulia, na matumbo yale yaliyovimba ni nadra kuyaona, Mungu ashukuriwe. Ninachokililia ni mkutano wa namna ile, ambapo mzazi alimhoji msomi juu ya mwili wa mwanawe, na msomi hakuona aibu kukiri mpaka wa elimu yake. Hata hivyo sijakata tamaa. Mdogo wangu sasa ana watoto, na kila waandikiwapo dawa yeye huuliza maswali hadi muuguzi anavuta kiti na kuketi.