Gazeti Lililopambwa Upya

Kwa miaka thelathini Mzee Luqman wa Timbwani aliwasomea gazeti wenzake wasiojua kusoma, na yeye mwenyewe hajui hata herufi moja. Habari alizisikia redioni alfajiri. Tanzia alizijua kwa fremu nyeusi. Uongo mtamu, tena haukumdhuru mtu.

Mwezi jana wakubwa wa gazeti wakalipamba upya. Tanzia zikatiwa maua, picha nyingine zote zikatiwa fremu nyeusi, ati ndiyo fasheni.

Asubuhi lilipotoka hivyo mara ya kwanza, pale kahawani alipozoea kuwasomea, Mzee aliona sura ya Jalila, binti wa rafiki yake Ahmad, ndani ya weusi. Machozi yakamtoka.

“Inna lillahi, Ahmad ndugu yangu. Jalila katutoka.”

Ahmad aliangusha kikombe. Muuza kahawa akalinyakua gazeti.

“Katoka wapi? Kashinda tuzo ya wauguzi! Wallahi, mzee, umesoma kwa kisogo?”

Watu wakacheka hadi kukohoa. Ahmad hakucheka.

“Luqman, kumbe hujui kusoma?” aliuliza polepole. “Na ile barua ya mwisho ya marehemu kaka yangu, uliyonisomea kwamba kanisamehe?”

Mzee Luqman alilikunja gazeti, kisha akalikunja tena.