Mlango wa Albertina

Cheka tu, lakini usiniambie nilikuwa nimelewa, kwa sababu umri ule nilikuwa sijaonja pombe. Na usiniambie nilikuwa ndotoni. Ilikuwa saa kumi alasiri, nimebeba vigingi begani, na mtu halali na vigingi begani. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, huko Ufipa, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa.

Najua ukisikia Sumbawanga akili yako inakwenda kwenye uchawi. Hata mama yangu, siku naondoka Mbeya, alilia kama vile nimeitwa vitani. Basi nikuambie mapema: humu hamna mchawi. Afadhali angekuwepo, ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, msaidizi wa mpima ardhi, na ile ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza mbali na nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kuvuta mnyororo wa kupimia na kupigilia vigingi pale bwana mpimaji aliponionyesha. Tulipelekwa kijiji kipya upande wa Matai. Watu walikuwa wameletwa hapo kwa malori miezi michache nyuma, kutoka kijiji chao cha zamani, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Hema letu tulilipiga kule kwenye maji, kwa hiyo kila nikitoka kazini nilikatiza katikati ya kile kijiji cha zamani. Mahame matupu. Kuta zimesimama, mapaa hakuna. Watu walikuwa wameondoka na miti ya mapaa, madirisha na milango, maana nchi ile ni majani na upepo, mbao hazipatikani ovyo.

Siku ya kwanza nilidhani ni redio. Sauti ya mwanamke, nzito kidogo, ikiimba polepole kwa lugha nisiyoijua. Mimi muziki wa Kongo niliupenda kama vijana wote wa wakati ule, gitaa likilia tu miguu inajua. Lakini huu haukuwa na gitaa, wala ngoma. Sauti peke yake. Nilisimama njiani mpaka vigingi vikanichubua bega, na sikukumbuka kuvitua. Ilipokwisha, nilijikuta nina kiu, si ya maji.

Siku ya pili nikamwona. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya mwisho, amejifunga kitenge cha bluu, juu amevaa sweta la kiume, mikono kaikunja kifuani kama mtu anayesikia baridi. Umri wake labda miaka thelathini. Uso ameuelekeza magharibi, kule ardhi inakoporomoka kuelekea ziwani, ng'ambo yake ni Kongo.

“Habari za jioni, dada,” nikasema.

“Muzuri. Unasikiaka sauti yangu kutoka kule njiani?”

Kiswahili cha ng'ambo, cha Wakongo. Nikamwambia nasikia.

“Basi ikala,” akasema, akanionyesha jiwe kwa kidevu.

Nikakaa. Akaimba. Nikuelezeje? Kuna nyimbo zinakufurahisha, na kuna nyimbo zinazokukumbusha kitu ambacho hakijawahi kukutokea. Nilitamani nyumbani, na mara nikatambua kwamba si nyumbani kwetu Mbeya ninakokutamani. Ni mahali pengine kabisa, penye maji na joto, ambako mimi sijawahi kufika.

Nilipoinuka kuondoka ndipo nilipoona jambo. Pale kizingitini palikuwa pameota majani, marefu kama ya kila mahali pale. Yeye amekaa juu yake, na majani yamesimama wima, hakuna hata jani moja lililolala. Niliona, naapa niliona. Je, nilikimbia? Sikukimbia. Kesho yake nilirudi mapema zaidi.

Nilikwenda siku tisa. Hatukuzungumza sana. Aliniambia zamani aliimba Lubumbashi, watu wakicheza “mupaka asubui.” Nilipomuuliza jina, aliangalia pembeni akaanza wimbo. Mwenzangu wa hemani aliniuliza mbona siku hizi narudi na macho mekundu, nikamwambia ni vumbi. Ukiniuliza kama nilimpenda yeye au niliupenda wimbo, hata leo sijui kutenganisha.

Kosa langu lilikuwa kuubeba wimbo ule nikaupeleka kijijini. Asubuhi moja nilikuwa napigilia kigingi kwenye kiwanja cha mzee mmoja, watu walimwita Mzee Katanga kwa sababu aliwahi kufanya kazi kwenye migodi ya huko Kongo. Bila kujijua nikawa nauimba kwa sauti ya chini. Mzee alikuwa akipalilia ulezi wake. Nikasikia jembe limeanguka.

“Kijana, huo wimbo umeutoa wapi?”

“Shikamoo, mzee. Nimeusikia tu huko njiani.”

“Njia ipi?”

Nikamwambia yote. Akakaa chini pale pale shambani. Akanieleza kwamba huyo ni mkewe, Albertina, Mtabwa wa ng'ambo ya ziwa. Alimkuta Katanga akiimba na bendi, akampenda, mkataba wa mgodini ulipokwisha akaja naye Ufipa. Albertina alizaliwa kwenye joto la ziwani. Upepo wa huku ulimwingia kifuani, na mwaka wa pili akafariki. Kaburi lake liko nyuma ya ile nyumba ya mwisho.

“Tangu lori lituhamishe narudi kule kila Jumapili,” mzee akasema. “Nakaa mpaka jua linazama. Hajaniimbia hata neno moja.”

Hakunikasirikia. Aliniangalia tu, kama unavyomwangalia mtu uliyemkuta amevaa shati lako.

Alasiri ile tulikwenda wawili. Kizingitini hapakuwa na mtu, lakini sauti ilikuwepo, tena karibu kuliko siku zote. Mzee alitega sikio, mdomo wazi.

“Ameanza?”

“Ameanza, mzee. Huna unachosikia?”

“Nasikia upepo. Anasemaje?”

Ningeweza kusema sielewi, na ungekuwa ukweli. Nilijua, usiniulize nilijuaje, kwamba nikimpa mzee yale maneno sitabaki na kitu. Lakini yule mzee alikuwa bado ameniinamishia sikio. Nikaanza kuyarudia kama yalivyokuja, neno baada ya neno, bila kujua maana. Mzee akafunika uso kwa viganja.

“Anasema baridi inaingia,” akaniambia. “Anasema nimeondoka na mlango.”

Ndivyo ilivyokuwa. Mlango wa mninga, aliuchonga mwenyewe ule mwaka wa kwanza, ili mkewe asipigwe na upepo. Siku ya kuhama aliung'oa kama wenzake walivyong'oa ya kwao, na sasa ulikuwa kwenye nyumba yake mpya.

Kesho yake mchana kijiji kizima kilimwona Mzee Katanga amebeba mlango mgongoni. Wengine walicheka. Mwenyekiti akamsimamisha. “Mzee, unajua kule hakurudiwi. Ni amri.”

“Sirudi mimi. Napeleka mlango tu.”

Mwenyekiti akampisha. Mimi nilimfuata na nyundo na misumari ya kazini. Tuliupachika kwenye nyumba isiyo na paa, tukaufunga. Mzee akakaa kwenye lile jiwe nililokuwa nikikaa mimi. Upepo ulipita. Baada ya muda nikaona kichwa chake kinakwenda polepole, na mguu unagonga chini.

“Mzee, anaimba?”

Akanigeukia, machozi yamejaa ndevuni, anatabasamu. “Kijana, husikii?”

Sikusikia kitu. Nilibandika sikio kwenye ubao, nikasikia damu yangu mwenyewe. Wiki mbili zilizobaki nilipita pale kila siku, asubuhi na jioni. Siku moja nikaufungua mlango kwa nguvu, nikakuta majani na kipande cha chungu. Siku ya mwisho kabla ya kuhama kambi nilikwenda kwa Mzee Katanga, nikamwomba aniimbie yeye, japo kidogo, nisiondoke mikono mitupu. Akakubali, mzee wa watu. Akafumba macho, akaanza. Niliona midomo yake ikienda, niliona koo lake likipanda na kushuka, na sikusikia chochote. Na usidhani nilikuwa nimekuwa kiziwi. Jogoo wa jirani aliwika, nikamsikia.

Baadaye nilipata habari kwamba mzee alifariki, na walimzika kule kwenye mahame, karibu na mkewe. Waliokuwepo walisema alikufa kwa amani. Nilifurahi. Halafu, nikuambie ukweli, nililala siku mbili bila kula kwa wivu.

Nimeoa, nina watoto na wajukuu. Nimekwenda Kasanga, kule bandarini ziwani, mara nne, nikavuka ziwa mara moja, nikauliza. Kila mji ninaofika nawatafuta wauza muziki wa zamani wa Kongo. Wananiuliza jina la wimbo, nasema silijui. Wananiuliza bendi, siijui. Basi wananiambia, mzee, tuimbie kidogo labda tutautambua. Nafungua kinywa pale mbele ya watu, na hakuna kinachotoka. Kilichobaki ni ile hamu tu.

Kwa hiyo wewe ambaye bado ni kijana na bado unasafiri, ukipita mahali watu walikohama ukasikia mtu anaimba vizuri, usisimame. Usikae, hata ukionyeshwa jiwe. Hutapigwa, hutarogwa, hakuna atakayekugusa. Utarudi kwenu mzima kabisa, na utaishi miaka mingi.