Nyumba Aliyoikataa Bibi Mahrokh

Rhona Gilfillan alikuwa na mdomo ambao sisi tuliokaa naye Glasgow tuliuogopa na kuupenda kwa pamoja. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi ofisi ya makazi, akiwatafutia nyumba za umma watu wasio na pa kulala: waliotolewa vyombo nje na wenye nyumba, waliokimbia waume wa ngumi, na wageni walioomba hifadhi. Kuremba maneno alikuwa hajui. Anakufungulia mlango, anakuuliza, unaitaka, huitaki? Ukisema ndiyo, funguo hizi hapa. Ukisema hapana, anayefuata. Alijisifu kwamba tangu aajiriwe hajawahi kuandika kosa hata moja, na jamani, tulichoka kulisikia hilo.

Basi likamjia jalada la Bibi Mahrokh, fundi cherehani kutoka Shiraz, na mumewe Iraj, mzee mcheshi ambaye miguu ilikuwa imeshamsusa. Walikuwa wametoka kukubaliwa kuwa wakimbizi halali. Heri kubwa, ila heri yenyewe ilikuja na barua: nyumba ya waomba hifadhi waiache ifikapo Ijumaa. Nayo ilikuwa ghorofa ya tatu, haina lifti, na mzee alikuwa hajakanyaga barabara tangu majani ya miti yaanze kupukutika. Rhona akahangaika, simu huku, simu kule, mpaka akapata nyumba ya chini kabisa, isiyo na hata kidato kimoja, bafu lina vyuma vya kushikia, na nyuma kuna kibustani. Nyumba kama hiyo huipati kwa kuomba wala kwa kulia.

Jumanne akampeleka Mahrokh kuiona. Mama wa watu akapapasa kuta, akafungua bomba, akasimama dirishani kitambo akifuta macho. Rhona akamuuliza swali lake. Mahrokh akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akasema nyumba nzuri hivyo wapewe wenyeji, wao watajibana popote.

"Una hakika?" Rhona akauliza.

"Tusikusumbue, dada yangu. Umeshajichosha mno kwa ajili yetu."

Rhona akanuna. Kanuni ya ofisi ilikuwa mtu hupewa nyumba moja tu; akiikataa, wamemalizana naye, akajitafutie mwenyewe. Kanuni hiyo iko ukurasa wa tano wa barua ambayo hakuna binadamu anayeisoma. Akarudi ofisini akinung'unika juu ya watu wa kuchaguachagua, akaandika kwenye kompyuta: amekataa.

Usiku huo hakula vizuri. Alhamisi mchana akaamua barua ya kufunga jalada aipeleke kwa mkono wake, angalau amwambie yule mama uso kwa uso. Alipanda ngazi zote zile na pakiti ya biskuti mkononi, maana kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu ukiwa na habari mbaya.

Hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Alikalishwa, akaletewa chai, kisha sahani ya wali wa zafarani na kuku. Alisema ameshakula, sahani ikaja. Akasema kweli ameshiba, ikaongezwa paja. Naye akafungua biskuti zake, akamsogezea Mahrokh. Hapana, asante. Akamsogezea tena. Hapana, kula wewe. Akamsogezea mara nyingine, kwa kukosa la kufanya tu, na Mahrokh akachukua mbili, akatabasamu.

Iraj akacheka mpaka kiti kikalia. "Huyu hapokei kitu chini ya mara tatu," akasema. "Ndiyo adabu yetu. Hata mimi nilimposa mara tatu. Mara mbili za kwanza nilirudi nyumbani nalia, na mama yangu ananicheka."

Rhona akaweka uma chini.

"Mahrokh," akasema polepole. "Ile nyumba ya juzi. Uliikataa?"

"Kuikataa?" Mahrokh akashangaa. "Si bado hujaniuliza mara ya tatu? Nilidhani ndiyo hiyo uliyoijia leo." Akaingia chumbani akatoka na mapazia ya rangi ya komamanga, yameshashonwa na kupigwa pasi, ya madirisha yote manne.

Rhona akatazama saa. Saa kumi na moja jioni nyumba ilikuwa inakwenda kwa jina linalofuata kwenye orodha. Aliacha sahani, akashuka zile ngazi kwa mbio ambazo magoti yake yalikuwa yameshazisahau.

Mkuu wake, Torquil Nicolson, alimwambia jalada halifunguliwi tena mpaka liwepo kosa la ofisi, tena limeandikwa na kutiwa saini na aliyelifanya. Rhona akavuta kalamu. Akaandika: mteja hakukataa. Nilikosea mimi, niliuliza mara mbili nikaondoka. Torquil akaisoma karatasi, akavua miwani. Alikuwa mtu wa visiwa vya kaskazini. Akasema mama yake naye, ukimkaribisha chai mara moja tu, heri aondoke na kiu kuliko kukubali. Akatia saini saa kumi na dakika arobaini.

Ijumaa asubuhi walikutana mlangoni pa nyumba mpya, Iraj kwenye kiti cha magurudumu, furushi la mapazia mapajani. Usiku kucha Rhona hakulala kwa furaha, na alikuwa amejipanga: atauliza mara tatu, hata mara kumi ikibidi. Akatoa funguo.

"Bibi Mahrokh, unaitaka nyumba hii?"

Mkono wa Mahrokh ukaenda kifuani wenyewe, kama ulivyozoea miaka sitini. Kisha akaushusha.

"Naitaka," akasema.

Akaona haya mpaka masikio yakawa mekundu, hakuwahi kumjibu mtu hivyo maishani mwake. Halafu akasema tena, kwa sauti, jirani wa pili akachungulia dirishani: "Naitaka. Naitaka sana." Akazichukua funguo mkononi mwa Rhona kabla hazijatolewa vizuri.