Jina la Kanga

"Kama neno ni la siri, mashine imelijuaje?" Shangazi aliniuliza hivyo mbele ya watu, ndani ya duka la kompyuta za kukodi kule Kinondoni, na mie niliyetoka chuo kikuu juzi tu nikajifanya nasoma karatasi za ukutani.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwanawe aliyekuwa Maskati alikuwa amepata mchumba, akataka yeye na mama yake waandikiane kwa barua pepe mpaka mambo yaive. Shangazi aliishi nasi, na hakutaka mama yangu, wifi yake, ajue kabla posa haijakubaliwa. Habari ikimfikia mama asubuhi, adhuhuri iko Temeke.

Ukutani palikuwa na tangazo la serikali: usimtajie mtu neno lako la siri, usimwandikie usiyemjua habari za nyumbani kwako. Nikamuuliza mwenye duka ni nani huko kwenye ofisi ya serikali iliyoliandika aliyewahi kugusa kompyuta.

"Sista, mie nimeambiwa nibandike, nimebandika. Ukitaka kubishana, wafuate wenyewe."

Shangazi alilisoma tangazo lote kwa sauti, kisha akatufukuza sote wawili mpaka mlangoni. Nikachungulia. Alivuta pindo la kanga yake, akalitazama jina la kanga hiyo, akaanza kubonyeza herufi kwa kidole kimoja. Kanga iliandikwa NIMEYAONA SIYASEMI.

Njiani nikamwambia, "Shangazi, neno la siri umelivaa mgongoni."

"Nani kasema?"

"Mtaa mzima unalisoma."

"Basi mtaa mzima unajua kusoma. Alhamdulillahi."

Kila tulipokwenda kule alivaa kanga ileile, na mama, aliyekwishasikia mtaani habari za barua na neno la siri la mgongoni, akaanza kuikodolea macho. Jumamosi moja akasema, "Wifi, niazime hiyo kanga, naenda msibani." Shangazi akaivua palepale, akampa.

Kesho yake mwenye duka alinisimulia. Mama alikuja kwake na kanga, akataka kusoma barua za wifi yake. Alijaribu yale maneno kwa kuyaunganisha, akajaribu kwa kuyatenganisha, mashine ikakataa katakata. Kanga ilirudi imekunjwa vizuri.

"Msiba ulikuwaje, wifi?" Shangazi aliuliza.

"Watu walikuwa kimya," mama akajibu.

Posa ilikubaliwa kimyakimya, na siku ya harusi hakuna aliyepiga vigelegele kumzidi mama. Mie niliamini kompyuta ile ilikuwa mbovu, na tangazo lile karatasi tu.

Miaka mingi baadaye, tukitafuta mbeleko ya mjukuu wake, Shangazi alitoa sandukuni kanga iliyofifia, ile aliyombebea mwanawe. Akaniambia jina la kanga hiyo, alilolijua kwa moyo, ndilo lilikuwa neno la siri tangu siku ya kwanza. Ile nyingine alikuwa akiivaa kwa ajili ya mama yangu.