Jumapili za Shangazi Uwanja wa Ndege

Shangazi yangu hajawahi kupanda ndege, lakini uwanja wa ndege anaujua kuliko wanaoufagia. Anajua choo gani kina maji ya moto, kiti gani hakipigwi na kiyoyozi, na ngazi ipi ya umeme hukwama ikizidiwa na watu. Nilimgundua huko kwa bahati tu. Nilikuwa nimemsindikiza bosi wangu. Nageuka, namwona Shangazi amesimama kwenye kamba pamoja na wanaosubiri wageni, gauni la zambarau, viatu vya kisigino, mkoba kwapani.

"Shangazi! Unampokea nani?"

"Simpokei mtu," alisema, akanivuta pembeni. "Na wewe hujaniona."

Ilibidi anieleze. Mumewe, ambaye sote tunamwita Dereva kwa sababu aliendesha malori ya masafa marefu miaka thelathini, alipigwa na kiharusi miaka sita iliyopita. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakampotea yote isipokuwa moja: bado. Umeshiba? Bado. Unasikia baridi? Bado. Shangazi akichoka humtania, "Dereva, upo?" naye hujibu vilevile.

Tangu hapo Shangazi hakuwa mtu wa kutoka. Cherehani yake ya kushonea sare za shule aliihamishia chumbani, kando ya kitanda, ili mguu ukiwa kwenye pedeli jicho liwe kwa mgonjwa. Kumgeuza, kumlisha, kumsafisha, kumnyoa. Miaka thelathini mume alizunguka na mke akakaa nyumbani. Mume alipoacha kuzunguka, mke akazidi kukaa. Mimi jambo hilo linanichoma, na sioni sababu ya kulificha.

Nafuu yake ilikuwa moja. Kila Jumapili wifi yake, yaani dada wa Dereva, alikuja kukaa na kaka yake kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja. Wifi mtu aliamini kwamba Shangazi anakwenda kwenye kikundi cha akina mama. Masaa matatu kwa wiki, basi.

"Kwa nini huendi kwa mashoga zako?" nilimuuliza.

"Niende wakaniulize mgonjwa anaendeleaje? Hapa hakuna anayejua kama nina mgonjwa."

Baadhi ya Jumapili nikawa naandamana naye, naye akinitembeza kama mwenye nyumba. Kwanza ubao wa safari: tunachagua ndege moja inayokuja, ya popote. Kisha lifti hadi roshani ya juu, tuitazame ikitua. Kisha mbio chini kwenye kamba, kuwapokea watu wasiotujua. Siku moja ajuza mmoja alimdhania mkwewe, akamkumbatia, na Shangazi akatulia mikononi mwake mpaka akatosheka.

"Nani aliyetosheka, yeye au wewe?"

"Usiniulize maswali ya kitoto."

Mwisho ilikuwa chai, kwenye kikombe cha karatasi, anainywa taratibu huku akitupia saa jicho. Saa kumi na robo anavua visigino, anavaa malapa, na uso wake unabadilika kabla hata hatujafika mlangoni.

Ndipo nikaja mimi na wema wangu.

Jumapili hiyo nilimkuta sebuleni, ameshavaa, mkoba mapajani. Wifi yake alikuwa amepiga simu: ana wageni, haji. Shangazi hakulalamika. Alikaa tu, viatu miguuni, akiutazama ukuta. Nikashindwa kuvumilia.

"Twende naye," nikasema. "Kiti cha magurudumu kipo, na gari ninalo."

"Hujui unachosema wewe."

"Mara moja tu, Shangazi."

Akaweka mkoba chini, akaenda kumvalisha mumewe shati.

Tulipoingia tu, mhudumu mmoja, mwanamke wa miraba minne mwenye fulana ya njano, alishika kiti bila kuuliza. Kazi yao ndiyo hiyo. Wakiona kiti cha magurudumu wanajua ni msafiri. "Pisheni mzee apite!" Foleni ikajigawa. Tulikuwa tumefika mlango wa wanaoondoka ndipo alipoomba tiketi, na Shangazi akaeleza kwa aibu kwamba hatuendi popote. Mhudumu alicheka mpaka akajishika kiuno. "Basi mzee ni mtalii!" akasema, akatupeleka roshani mwenyewe.

Ndege kubwa ikashuka, magurudumu yakagusa lami, moshi ukaruka. Dereva akainua mkono wa kushoto, akashika usukani usiokuwepo, akacheka. Halafu akamgeukia mkewe.

"Tena."

Tulidhani tumesikia vibaya. "Tena," akarudia. Shangazi alipiga magoti, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akalia. Nililia na mimi. Ilikuwa furaha tupu, nisiseme uongo.

Habari zikazagaa ukoo mzima. Mtaalamu wa mazoezi akasema mpelekeni kila wiki. Wifi mtu akaja na machozi yake, akamshika Shangazi mikono.

"Wifi yangu, ubarikiwe. Kumbe dawa ilikuwa huko! Basi Jumapili sina tena kazi hapa. Mtakuwa mnakwenda zenu, mtu na mumewe. Kikundi chako nacho kitakuelewa."

Shangazi akasema asante. Angesema nini?

Huu ni mwezi wa nne tangu siku ile. Visigino haviwezi kusukuma kiti, kwa hiyo huenda na malapa tangu nyumbani. Kwenye kamba hasimami, kiti kinaziba njia. Chai hainywi, mkono mmoja unamfuta mume mate. Na wahudumu wote wanaijua historia ya ugonjwa, mpaka majina ya vidonge.

Jumapili iliyopita nilishindwa kujizuia. "Nitamwambia wifi yako arudi. Hata mara moja kwa mwezi."

"Utamwambia nini? Kwamba namkimbia mume wangu?"

Mbele yetu Dereva alikuwa ameinua mkono tena, akiisubiri ndege nyingine.

"Miaka sita," Shangazi akasema polepole, "kila nikiamka namwomba Mungu mume wangu aongeze neno, hata moja. Ameongeza. Sasa nikimwomba amnyamazishe, ataniona mtu wa namna gani?"